Mfuko wa Paja la Kushoto

Mama,

Nimefunua cherehani yako. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Tangu tukuzike pale Gitothua, ilikuwa imefunikwa na lile blanketi la kijivu, na nikipita karibu nayo nilikuwa nageuza uso kama mtu anayemkwepa jirani. Mwenye duka aliniambia baraza yake si ghala. Nishone au nimwachie mtu mwingine nafasi.

Aliyenifanya niifunue ni Barasa wako. Bado ni yeye anayezamia bwawa hapa Ruiru, mitungi ya hewa mgongoni, akiondoa mizizi na matete yanayoziba wavu wa chuma. Ile suti yake ya mpira mwembamba, uliyoijaza viraka mpaka ikawa na viraka juu ya viraka, ilipasuka begani, na wakubwa wake wamempa mpya. Hii ni ya mpira mnene, ukiubonyeza unarudi kama mkate, na haina mfuko hata mmoja. Aliiweka mezani akaniambia, "Wambui, mvua imeleta takataka mingi. Alhamisi naingia. Niwekee mfuko kama ile ya mama."

Nikamwambia aende Nairobi kwa mafundi wa kweli. Akaketi. Unajua anavyoketi akishakataa.

Niliogopa, Mama. Gauni likiharibika, mwenye gauni anakasirika, basi, kesho anarudi. Lakini mfuko wa Barasa ukibanduka, kisu kinazama, na mizizi ikimshika mguu huko chini hana cha kujikatia. Maji yale ni matope matupu, mtu haoni hata kiganja chake. Nilikaa mbele ya suti ile nikijiona mjinga, nikitamani ungekuwa ndani umelala tu, nikuite.

Halafu nikaukumbuka ule mfuko wa kwanza, nikacheka peke yangu. Ulivyojivunia! Mfuko wa kifuani, una kifuniko na kifungo, kama wa koti la kwendea kanisani, na ukaupiga cherehani mistari miwili uzidi kuwa imara. Barasa akaingia nao majini, akarudi meno yanagongana. "Mama Wambui," akasema, "umenishonea chujio." Kila tundu la sindano lilikuwa limemwingizia maji baridi. Na kisu chenyewe kilimtoka alipolala kifudifudi kufuata wavu, kikaenda zake. Ulicheka mpaka ukafuta macho kwa pindo la aproni. Kisha ukamtazama kutoka juu hadi chini, ukasema, "Atiriri, sikiza. Panda mezani."

Hakuelewa. Mwanamume mzima ukamlaza kifudifudi juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia, watu wa sokoni wamesimama kutazama. Ukamwambia afumbe macho. "Mguu umeshikwa. Tafuta kisu." Mkono wa kulia ukang'ang'ania ukingo wa meza, kama anavyoung'ang'ania ule wavu, na wa kushoto ukaenda wenyewe mpaka pajani. Ukapiga chaki pale pale. Ulifurahi sana kwamba ni mkono wa kushoto, wewe uliyechapwa shuleni kwa kuandika kwa huo huo.

Hukugusa sindano tena. Ulimtuma Thika akuletee gundi ya viraka vya tairi na kipande cha tyubu ya lori, maana siku zile za mkoloni wewe bila pasi ya kusafiria hungefika Thika, na pasi yenyewe ilikuwa mpaka uwabembeleze watu usiopenda kuwabembeleza. Ukasugua mpira kwa msasa, ukapaka gundi huku na huku, ukangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo mimi nilipokuwa nakushinda kwa haraka na kushindwa kwa kazi. Ulikuwa unagusa kwa mgongo wa kidole: ikinata, bado, ikiacha kunata, bandika. Vile vitundu vya kutolea maji chini ya mfuko ulivitoboa baadaye, baada ya Barasa kupanda ngazi na mfuko umejaa, unamvuta kama mtoto anayetaka kubebwa.

Kwa hiyo nikakubali. Nikachukua utepe, nikapima mahali pa mfuko kwenye suti ya zamani, nikapachora kwenye mpya. Nilitaka kukuiga tu, nimalize. Barasa akauliza, "Kwani mimi silali?" Nikaona aibu. Akavaa suti, akapanda mezani. Amenenepa, Mama, meza ililia. Akafumba macho, nikamwambia maneno yako, na mkono wake wa kushoto ukaja, ukaishia juu zaidi ya alama yangu, karibu na nyonga. Nikarudia, ukaishia pale pale. Mpira mnene hauruhusu kiwiko kunyooka vizuri. Kama ningeiga tu, vidole vyake vingekuwa vinapapasa mpira mtupu na kisu kiko chini kidogo. Nikaifuta alama ya kwanza kwa kitambaa chenye maji, nikapiga nyingine pale vidole vilipoishia.

Alhamisi nilienda naye bwawani. Hukuwahi kukubali kazi yako iingie majini wewe ukiwa umekaa barazani, nami nikaketi kwenye jiwe lako. Akazama. Mapovu yakafuata ukuta, polepole, kisha yakasimama mahali pamoja. Yakakaa hapo. Wale wanaume wanaoshika kamba wakaacha hadithi zao. Nilijaribu kuomba, lakini kila nilipoanza nilijikuta naitazama gundi kichwani mwangu, kama niliipa muda, kama kona ya chini niliibonyeza. Sijui ilikuwa muda gani. Yakaanza kutembea tena.

Alipopanda ngazi, kifundo cha mguu kilikuwa kimezungukwa na mzizi mweusi, ncha yake imekatwa safi. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye vile vitundu. Akavua kioo cha uso, akapumua kwanza, akanitazama. "Mkono ilienda yenyewe," akasema. Nikalia mbele ya wanaume wote wale, wala sikujali.

Kuna jambo moja nimeliacha mpaka hapa, maana ningeanza nalo nisingeandika mengine.

Aproni yako ilikuwa bado kwenye msumari wake. Sikuwa nimeigusa. Siku ya kumpima Barasa niliivaa, sikuwa na nyingine. Unakumbuka nilivyokuwa nikiiazima, ulivyokuwa ukinicheka: mfuko wako uko kushoto, mimi natumia mkono wa kulia, na kila nikimaliza kuchora naiachia chaki upande usio na mfuko, inavunjika sakafuni. Chaki zote za nyumba ile nilizimaliza hivyo, na sikujifunza. Basi nilipoweka alama kwenye paja la Barasa, macho yangu yakiwa kwenye suti, nikaiachia chaki kama kawaida yangu, nikakunja uso kungoja sauti.

Haikuanguka. Ilikuwa ndani ya mfuko, upande wa kulia.

Mama, kumbe ndicho ulichokuwa ukikishona kwa mkono kitandani, ukikificha chini ya shuka kila nikileta uji. Nilidhani ni pindo. Na hukunilaza juu ya meza yoyote, hukuniuliza kitu. Ulikuwa tu unanitazama miaka yote ile ninapovunja chaki zako.

Pumzika, Maitu, mama yangu. Nitashona, na hakuna atakayevaa kazi yangu kabla sijaona mkono wake unaenda wapi. Ule mfuko wa kulia umepinda upande wa chini, mahali mkono wako ulipochoka. Sitaunyoosha.

Ni mimi,
Wambui