Swali Nililoshindwa Kumuuliza Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumamosi, 8 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe, na kikohozi cha Bibi kimepungua? Ningependa kukuambia sisi hatujambo, lakini nitakuwa nakudanganya.

Mgongo wa kaka yako umezidi. Hata kazi ya kutandaza vigae ameacha. Anatembea ameshika ukuta, mguu wa kushoto unaburuzika. Picha ya kawaida haikuonyesha kitu, basi juzi tukapelekwa kwenye kipimo cha CT, ule mtambo wenye duara kubwa. Unapiga picha za mgongo vipande vipande kama mkate uliokatwa, daktari aone ndani ya kila pingili. Kulala chali kulimtoa jasho, ila unamjua: alimwambia mpiga picha amgeuze asije akaungua upande mmoja. Utani huo niliona haya kuutafsiri. Watu wa hospitali za huku ugenini hawasemi lugha yetu, kwa hiyo mkalimani ni mimi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Daktari alitaka nimuulize Baba kama mkojo humtoka bila kujijua. Shangazi, ningemuulizaje baba yangu mzazi? Badala yake nikamuuliza kama analala vizuri. Kisha nikamgeukia daktari nikasema hapana, hana shida hiyo.

Na nilikuwa najua. Nimemwona akifua suruali bombani kabla Mama hajaamka.

Daktari alitazama picha tena, akakunja uso. Alisema mfupa umebana njia ya mishipa ya fahamu. Mkojo ungekuwa unamtoka angempasua upesi, maana kuchelewa kungeweza kuua miguu. Kwa kuwa haumtoki, ameze dawa, turudi mwisho wa mwezi.

Nilianza barua hii ili nikuombe umpigie simu umuulize wewe, dada yake. Hapo nikaona ni woga wangu tu. Nikaweka kalamu, nikaenda kumwambia yote.

Hakunigombeza. Alisema, "Hata mimi ningedanganya. Sasa nifundishe kulisema kwa lugha ya daktari. Hilo si la mtoto kunisemea."

Tunasubiri teksi ya kwenda hospitali. Yupo hapa kitandani anakariri ile sentensi, ulimi unamkwama, anaanza upya.

Nisalimie Bibi, mumeo na yule mtoto wenu Mapengo. Mungu awatunze, na mkiomba, itajeni miguu yake kwanza.

Mwanao akupendaye,
Kimya