Kibao Juu ya Kitanda cha Ciarunji

Jumatatu, 3 Machi
Nimekama. Maziwa yameenda na bodaboda. Mvua bado, kahawa imesinyaa. Kesho Meru tena, hospitali, kuulizia malalamiko yangu. Swali ni moja: kwa nini mke wangu Ciarunji alikufa na njaa?

Jumanne, 4 Machi
Karani anasema faili liko juu. "Juu wapi?" "Kwa wakubwa, mzee." Nilikuwa mwalimu mkuu. Faili lililo juu huwa chini ya mengine. Nikakaa kwenye benchi hadi wakanipa siku: Ijumaa.

Nimelala kwa binti yetu Muthoni, mtaa wa Kinoru, hapa Meru. Ananiambia, "Baba, achana nao. Mama harudi." Najua harudi. Sikuuliza hilo.

Jumatano, 5 Machi
Sikai, silali. Nimezunguka uwanja wa Kinoru kama mchungaji aliyepoteza mbuzi.

Ciarunji alitaka uji wa wimbi tu. Si wimbi la duka. Bwawa la Kiambere lilipofunika shamba letu la Mbeere tukahamia Runyenjes, alibeba mbegu kwenye kibuyu. Kila mvua alipanda mstari mmoja langoni, katikati ya watu wa kahawa. Walimcheka: "Mama wa Mbeere, hapa ni baridi, utavuna ndege!" Alivuna vikombe vichache ndege walivyomwachia na kuringa mwaka mzima.

Nilimpelekea uji huo kwa thamosi. Juu ya kitanda walikuwa wametundika kibao: asipewe chochote kwa mdomo, anasubiri upasuaji. Akasema, "Baba Muthoni, tangu lini kibao kikamnyima mtu uji?" Nikamlowesha midomo kwa pamba. Nikarudi Kinoru na thamosi imejaa. Kesho yake vilevile. Na kesho yake. Kisha akafa.

Alhamisi, 6 Machi
Muthoni ameficha viatu vyangu nisiende kuwasumbua kabla ya siku. Nimecheka. Kisha nimekasirika upya.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kijana, matroni, Muthoni, mimi. Daktari alieleza vizuri, sitamsingizia. Upasuaji ulifutwa asubuhi ileile aliyolazwa. Moyo wake usingeuweza. Waliamua apunguziwe maumivu tu. Hakuna aliyetuambia.

"Basi angeweza kunywa uji?"

"Chochote alichotaka, mzee."

Muthoni akatoka nje.

Kibao kilipaswa kuondolewa. Kila zamu ilikikuta pale, ikakiheshimu. Kama mimi.

Wakaahidi barua ya kuomba radhi. Nikasema barua nitaisoma, lakini kwanza mtu aseme kwa mdomo wake. Daktari akatazama meza. Matroni akasimama, mama mtu mzima, mikono miwili mbele.

"Baba, tulimnyima chakula bila sababu. Ni sisi. Si wewe."

Hilo la mwisho sikuwa nimeliomba.

Jumamosi, 15 Machi
Runyenjes. Mvua imeshuka usiku kucha. Barua imefika, nimeisoma mara moja, inatosha.

Muthoni amekuja. Kibuyu kilikuwa darini jikoni, kimeshika moshi, mbegu nzima. Tumepanda langoni. Mstari wangu umepinda. Ciarunji angeuliza nimekunywa nini.

Jirani akapaza sauti kutoka kwenye kahawa yake: "Mwalimu! Na wewe? Utavuna ndege!"

"Waache nao wale," nikamjibu.