Gari Halioni Aliyekaa

Jumatatu, 3 Machi

Magari ya deraya yamefika. Nimeitwa kambini nimtafsirie mwalimu wa kigeni aliyetumwa na kampuni iliyoyauza. Rangi bado inanukia. Nchi imekopa ili iyanunue, na anayetukopesha ndiye huyohuyo anayetuuzia — raha iliyoje! Afande anasema ni ya kulinda mipaka. Sikuuliza mpaka gani. Nimechoka hata kabla sijaanza.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu ni mpole, simu yake imejaa picha za wajukuu. Anasifia kila kitu: kioo hakipenyi risasi, tairi likitoboka linaendelea kwenda, kiyoyozi. Natafsiri mpaka koo linakauka. Madereva wanaguna tu. Anayeuliza maswali ni mmoja, na huyo ndiye wanayemwita Kimya!

Jioni kwa dada. Ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Nilimkuta ameloweka miguu kwenye beseni, hata kuinuka kunisalimia hawezi. Glavu zimekwisha, wajawazito wanaambiwa waje nazo. Feni ya wodi ilishakufa zamani. Akaniuliza eti ni kweli magari yenu yana kiyoyozi. Yenu! Nilicheka, lakini iliniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la leo: dereva anaona nini. Kimya alikaa kwenye usukani, mimi nikaambiwa nichuchumae mbele ya gari, karibu kabisa. Akaulizwa anaona nini. Akasema haoni kitu. Boneti ndefu, kiti kiko juu, kidirisha chenyewe kiduchu. Aliyesimama anaonekana kichwa. Aliyekaa chini haonekani mpaka awe mbali. Na kamera ya mbele? Mwalimu akajikuna shingo: kamera inauzwa kando, serikali yenu haikuichukua. Watu wakacheka. Nami nilicheka, huku najipangusa vumbi magotini.

Jumamosi, 8 Machi

Wauguzi wanagoma Jumatatu. Dada alinieleza huku anapiga pasi sare. Wao hawarushi mawe, wanakaa. Mgomo uliopita walikaa barabarani mbele ya malori ya polisi, madereva wakaona haya, wakazima injini. Safari hii watasogea zaidi, wakae pua kwa pua na magari. Dereva azione nyuso zao, anasema. Nani atamkanyaga mama yake huku anamwona?

Nikamwambia, dada, msikae karibu! Hawatawaona! Nikaeleza yote: boneti, kidirisha, mimi kuchuchumaa kama chura. Akaitua pasi. Akauliza nani kanituma. Nikaapa hakuna.

"Mdogo wangu, hiyo ndiyo hadithi waliyokupa uje ututishe nayo."

Kila nilivyozidi kumsihi ndivyo nilivyozidi kunuka kambi. Nikapandisha sauti, nikamwita mkaidi. Yeye ndiye aliyenilea, halafu namwita mkaidi! Tumeachana vibaya.

Jumapili, 9 Machi

Hapokei simu. Nimemwambia afande kwamba wauguzi watakaa na dereva hatawaona. Kasema wakiona magari tu watatimua mbio, mimi nitafsiri. Sijala.

Jumatatu, 10 Machi

Mpaka wenyewe kumbe ni lango la hospitali.

Niko ndani ya gari la kwanza, nyuma ya Kimya. Mwalimu yuko ubavuni mwangu, kaja kuona mashine yake inavyofanya kazi. Ni baridi humu. Wakati napanda niliwaona wakija, sare nyeupe, dada mstari wa mbele. Sasa kidirishani ni lami tupu. Lakini hawajaondoka — nyimbo zao nazisikia kwa mbali, kama zinatoka chini ya sakafu.

Redio: songa mbele. Nikamwambia Kimya wamekaa, wako hapo hapo. Akachungulia, jasho linamtoka na baridi yote hii. Kasema haoni mtu, na amri ndiyo hiyo. Muulize mwalimu. Mwalimu akisema gari haliendi, haliendi, hata afande hatabisha.

Nikamuuliza mwalimu. Nilimwomba, kwa kweli. Nikamwambia dada yangu yuko pale. Alinishika bega, akasema pole sana. Halafu akasema hayo si yake, yake ni gari. Gari liko sawa. Mwambie linaweza kwenda.

Kimya anasubiri tafsiri. Nimemwambia mwalimu katumia neno gumu la kiufundi, lazima nilitafute. Nikatoa daftari hili. Basi naandika. Naandika chochote. Mwalimu ananitazama, redio inafoka, Kimya anauliza neno gani hilo lisiloisha. Namwambia bado. Namwambia nipe dakika, bado —