Wa Nyuma Wamehama

Jumatatu, 3 Machi

Baba anasema wa nyuma wamehama. Ndivyo anavyosema, "wa nyuma wamehama", kana kwamba zile spika mbili za ukutani ni wapangaji waliotoroka na ufunguo. Leo ameongeza sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Jirani wa juu akagonga sakafu kwa kitu kizito, mguu wa kiti nadhani. Baba hakusikia. Au alisikia akapuuza. Hapo ndipo penye shida yote — siwezi kujua.

Jioni Kaka kapiga simu. Jirani keshamfikia, namba kaipata wapi sijui. Anakuja Jumamosi kumchukua Baba. Chumba kimepakwa rangi, wifi ameshatandika kitanda. Nyumba hii irudishwe kwa mwenye nyumba, mimi nitafute chumba karibu na chuo nimalize tasnifu yangu. Kayasema yote kwa upole, ndiyo maana nimekasirika. Ama ni masikio ama ni kichwa, anasema, na vyote viwili si vya kuachiwa mtu anayeshinda maktaba.

Nikamwambia labda ni spika.

Akacheka, si kwa ubaya. "Haya, thibitisha, profesa. Mimi Jumamosi niko hapo."

Mzee aliyeendesha mitambo ya sinema maisha yake yote! Aliyekuwa akijua kwa mlio tu kwamba mkanda unakaribia kukatika. Sasa anasubiri hukumu ya spika mbili, wala hajui kwamba kuna kesi.

Jumanne, 4 Machi

Nimevuta kabati la televisheni. Nyuma yake vumbi, nzi waliokauka, na kibanio cha nywele cha Mama. Nimekitia mfukoni. Sijakiangalia tena.

Waya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hakuna uliolegea, hakuna uliotafunwa. Nikashusha spika za nyuma nikaziunga mbele — zikaimba vizuri kabisa. Za mbele nikazipeleka nyuma — zikanong'ona. Kwa hiyo spika ni nzima. Ni amplifaya, au ni sisi.

Nasema sisi kwa sababu nimekaa kwenye kiti cha Baba nikasikiliza. Zinasikika, kwa mbali, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Nikampigia Kaka. Anasema ndivyo zilivyo hom thieta zote. Spika za nyuma ni za mvua na nyayo, hazipaswi kupiga kelele. "Kama wewe unazisikia, yeye hazisikii, unataka ushahidi gani tena?"

Nimezirudisha zote mahali pake. Baba alikuwa amesimama mlangoni muda wote na kikombe chake, akiniangalia nikibeba spika kama anayeangalia mtoto akicheza na moto.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaja. Kijana mchangamfu, bisibisi sikioni, anaita kila mtu bosi. Kapima, kabonyeza, kaweka mkono kwenye kila spika kama daktari wa kifua. "Iko sawa hii, bosi. Za nyuma ni za kukoleza tu, kama chumvi. Labda mzee ndiye tumwongeze sauti."

Kisha akaenda nyuma ya kiti cha Baba, akapiga vidole karibu na sikio lake.

Baba akageuka polepole. "Mimi si mtoto mchanga," akasema. "Na wewe si mkunga."

Fundi alicheka mpaka akashika goti. Mimi sikucheka. Kageuka kwa sababu kasikia, au kwa sababu kamwona kwenye kioo cha televisheni? Nimekuwa mtu wa namna hii sasa — namchunguza baba yangu kama panya wa maabara.

Shangazi naye kapiga simu, habari zimemfika. Anasema nisijisumbue, kaka yake alikuwa haisikii dunia tangu utotoni, hasa akiitwa kuosha vyombo. Kisha sauti ikabadilika. Akauliza kama Baba bado anaongea na Mama. Nikamwambia sijawahi kumsikia akifanya hivyo. Ni kweli. Lakini pia siku nzima huwa sipo.

Acha niliandike hili, maana hakuna atakayelisoma. Kuna sehemu yangu inayotaka Kaka ashinde. Chumba karibu na chuo. Dirisha. Kimya. Nikithibitisha kwamba Baba ni mzima, nimejifungia humu mwenyewe na kufuli nimelifunga kwa mkono wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejua!

Niliingia kwenye mipangilio ya amplifaya, ile menyu ndefu ambayo hakuna anayeifungua. Kumbe mashine huwa inajipima yenyewe: unaweka maikrofoni pale msikilizaji anapokaa, inapiga mlio kwenye kila spika, inakadiria umbali, inapunguza zilizo karibu na kuongeza zilizo mbali. Vipimo viko palepale. Kwa mujibu wake, spika za mbele ziko mwisho wa chumba. Za nyuma, hatua moja tu kutoka kichwani, na zimepunguzwa karibu mpaka mwisho ili zisimpigie mtu kelele masikioni.

Lakini kiti cha Baba kiko mbele, karibu na televisheni. Huko nyuma hakuna anayekaa.

Nikachukua futi kamba. Nikapima kutoka kila spika, kama vile mashine ilivyosema, kuona vipimo vinakutana wapi. Vilikutana kwenye zulia karibu na ukuta wa nyuma. Na pale kwenye zulia kuna mashimo manne madogo ambayo ufagio haujayafuta.

Miguu ya kitanda cha Mama.

Nilikaa chini. Siku ile Kaka alipoleta hii mashine! Mama alikuwa hawezi tena kutoka kitandani, tukakileta kitanda sebuleni. Alikuwa akiuza tiketi kwenye kidirisha cha sinema ileile aliyofanyia kazi Baba, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona mwanzo wa filamu hata moja, maana mwanzo ndio saa ya wanaochelewa. Kaka akasema sasa ataziona zote kuanzia jina la kwanza. Akaweka maikrofoni kwenye mto, pembeni ya shavu lake, akatuamuru tunyamaze. Mama akashikwa na kicheko. Mashine ikaandika: kelele nyingi, rudia. Akacheka zaidi. Ikabidi Kaka arudie, na arudie tena, huku anamkemea mama yake mzazi kama mwalimu wa zamu.

Baba alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na mto ule. Kila filamu. Kwa hiyo alikuwa anasikia sawasawa. Kitanda kikatolewa, akahamia kwenye kiti, na wa nyuma wakahama. Hakukosea neno hata moja!

Nimelala pale kwenye zulia, nimeweka matakia chini ya kichwa mpaka kimo cha kitanda, nikawasha ile filamu ya mvua anayoipenda Baba. Mvua ikanizunguka. Kila tone mahali pake. Chumba kizima kimepangwa kwa ajili ya kichwa kimoja, na kichwa chenyewe hakipo.

Sijamwambia Baba. Nataka kumshangaza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeharibu.

Asubuhi Baba kaenda kunyoa. Nikaweka maikrofoni kwenye kiti chake, juu ya vitabu vyangu vya tasnifu ili ifike kimo cha masikio. Mashine ilipomaliza kupima ikauliza: vipimo vya zamani vitafutwa, hifadhi? Nikabonyeza ndiyo. Nilikuwa nafikiria uso wa Kaka kesho. Nilikuwa nafikiria ushindi.

Kwa hiyo nilitaka kushinda? Jumatano nilitaka kushindwa. Sijui mimi ni nani tena.

Baba karudi, shingo nyeupe kwa poda ya kinyozi. Nikamkalisha. Nikawasha mvua. Ilipoanza kunyesha nyuma yake aligeuka ghafla, uso wake ulifunguka kabisa, wazi kama dirisha. Akaangalia kule ukutani. Akaangalia zulia.

Akasimama. Akatembea mpaka kwenye yale mashimo manne, akakaa chini, mgongo ukutani. Pale ambapo sasa spika zinafoka, kwa sababu nimeziongeza mimi.

"Huku kumeharibika," akasema.

Nikamweleza. Nikaeleza vizuri sana, kwa mikono, kama mtu anayetetea tasnifu — umbali, maikrofoni, kiti. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikuambia utengeneze?"

"Wewe, Baba. Si ulisema hawasikiki."

"Nilisema wamehama," akasema. "Sikusema uwalete kwangu."

Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anajua. Sio hesabu zake, labda. Lakini alijua walikokuwa. Siku nilizorudi mchana nikachungulia na kukuta kiti chake kitupu, nilidhani yuko chumbani amelala; kumbe alikuwa huku nyuma, ukutani.

Nimejaribu kurudisha vipimo vya zamani. Mashine haina kumbukumbu ya zaidi ya kipimo kimoja. Nimetafuta kwenye kila menyu. Namba niliziandika jana? Umbali tu, kwa haraka. Viwango vya sauti, hapana. Nilikuwa na furaha mno kuandika.

Jumamosi, 8 Machi

Kaka kafika wakati mbaya kuliko wote. Baba alikuwa pale sakafuni, filamu inaendelea, mikono yote miwili masikioni kwa sababu ya kishindo, na hakubali kuhama. Kaka kasimama mlangoni na funguo za gari. Hakumwangalia Baba, aliniangalia mimi.

"Profesa," akasema. Basi.

Nikazima. Nikamweleza, safari hii vibaya, nikirukia mwisho na kurudi mwanzo.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu. Iliwekwa kwa Mama. Wewe ndiye uliyeiweka."

Alikuwa amesahau. Akaangalia yale mashimo manne kwenye zulia, nikamwona akikumbuka. Kisha akajikusanya, yeye ni mtu wa kujikusanya haraka. Akasema hilo halibadilishi kitu. Mzee anakaa sakafuni kusikiliza kitanda kisichokuwepo, hilo ndilo jambo lenyewe, mdogo wangu, tena ni baya kuliko masikio. Akaenda chumbani kwa Baba. Nikasikia kabati likifunguliwa. Akatoka na begi, zipu imefungwa, akaliweka kwenye korido.

Baba akaliangalia begi. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Nikachukua maikrofoni, nikaiweka mkononi mwa Kaka. "Siku ile uliiweka kimo gani?"

"Acha."

"Wewe tu ndiye unayejua. Mimi nimefuta."

Alikaa nayo. Waya unaning'inia. Nadhani alikuwa anataka kunirudishia. Halafu akapiga magoti kwenye zulia na suruali yake ya kazi, akaweka kidole kwenye shimo moja, kisha jingine, kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Bila kuinua kichwa akauliza:

"Baba. Mto ulikuwa mmoja au miwili?"

"Miwili," akasema Baba. "Wa chini ule mgumu."

Ule mgumu uko kitandani kwa Baba. Nikauleta. Tukapanga matakia ya kochi mpaka kimo cha kitanda — wanabishana. Baba anasema juu zaidi, Kaka anasema Baba hakuwahi kutandika kitanda maishani mwake, atajuaje! Juu yake mito miwili. Maikrofoni pembeni. "Hapana, kushoto," akasema Baba. "Alikuwa analalia ubavu wa kulia." Kaka akaisogeza kushoto.

Mashine ikataka kimya. Tukanyamaza sote watatu. Mlio mbele, kushoto. Katikati. Jirani wa juu akaburuta kiti.

Kelele nyingi. Rudia.

Kaka akatoa sauti fulani. Nilidhani anacheka.

Tumerudia. Imemaliza. Kwenye kioo sasa imeandika: vipimo vya zamani vitafutwa, hifadhi? Ndiyo. Hapana. Vya zamani safari hii ni vya kiti cha Baba. Rimoti iko mkononi mwa Baba. Kaka amekaa sakafuni karibu naye, viatu amevua, bado hajasema kama begi linarudi chumbani.

Nimekuja jikoni nikisema naweka chai. Birika halijachemka. Naandika nikiwa nimesimama. Huko sebuleni hakuna anayeongea, na hakuna aliyebonyeza chochote — ningesikia mlio wa kitufe.