Waraka Uliojileta Wenyewe

Mwanangu Faraja,

Kamwene. Ninaandika kwa kidole kimoja, kilekile ulichokuwa unakicheka, kwenye kompyuta ileile, na baba yako yuko barazani anajifanya anasoma gazeti la juzi. Barua hii nitaituma kwenye ile anwani yako uliyonifundisha kuitamka, kisha nitaichapa na kuibandika kwenye kioo cha duka letu ili Makambako nzima isome. Usinikasirikie. Aibu uliyopewa haikuwa ya siri, kwa hiyo na barua yangu sitaki iwe ya siri.

Unakumbuka siku kompyuta ilipofika? Baba yako alikuwa ndiyo kwanza amepunguzwa kazini, shirika lao limeuzwa, na wenzake wengi walikuwa wanashinda kwenye pombe ya ulanzi wakilaumu kila mtu. Yeye akachukua kiinua mgongo chake akashuka Dar es Salaam. Alirudi na maboksi kwenye basi, na kubwa kuliko yote amelifunika blanketi letu zito, lile aliloondoka nalo bila kuniaga, mimi huku ninatetemeka kwa baridi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Baba, hiyo haisikii baridi." Akakujibu, "Nyamaza wewe, hii ndiyo ajira yako." Tangu siku hiyo blanketi likawa la kompyuta. Kila jioni aliifunika nalo kwa sababu ya vumbi, maana upepo wa hapa unaujua.

Na kweli ikawa ajira yako. Ulikuwa umetoka kwenye kozi yako Njombe, vidole vyepesi, mdomo mwepesi zaidi. Nikaisogeza cherehani yangu mlangoni kukupisha meza. Nilikaa nimewapa mgongo ninyi wawili, lakini masikio yangu yalikuwa kwako kutwa nzima. Nilipenda kukusikia ukibishana na wenye malori waliodhani barua pepe inafika kabla hujaiandika. Laini ya simu ilikuwa ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia, nawe unawaambia, "Subirini, inaongea na wenzake." Sikuwahi kukwambia kwamba nilijivuna. Sisi watu wa huku juu hatuna maneno hayo midomoni, tunakuongezea nyama kwenye bakuli basi.

Nakumbuka vizuri siku ulipompa baba yako lile somo. Mlikuwa mmekaa bega kwa bega, dirisha dogo likachomoza lenyewe katikati ya kioo, lenye fremu ya kijivu na nembo juu, likisema mashine inahitaji apdeti sasa hivi. Mkono wake ukaenda mbio. Ukaushika.

"Baba, tangazo likijileta lenyewe, usilikubali."

"Basi nibonyeze hapana."

"Hata hapana usibonyeze, hiyo nayo wameitega. Chomoa waya wa simu kwanza, halafu funga kila kitu. Apdeti ya kweli tutaifuata wenyewe kwa mwenye programu, au tumsubiri fundi aje na sidii yake."

"Mbona lina nembo?"

"Nembo mtu yeyote anachora, baba."

Alikutazama kama umetukana kanisani. Mwanangu, yule mtu alitumikia shirika tangu ndevu hazijaota. Kazi yake yote ilikuwa kupokea nyaraka kutoka makao makuu, kuangalia kama zina nembo na mhuri, na kutekeleza. Waraka haukuulizwa umetoka kwa nani wala unataka nini. Shirika lilipokufa, tabia hiyo alirudi nayo nyumbani pamoja na kalamu zake. Halafu binti yake anamwambia nembo inachorwa.

Siku moja ukaenda Njombe kununua karatasi na wino. Mimi nilikuwa nashona sare za kwaya, zile za zambarau zenye ukosi mweupe. Baba yako alikuwa peke yake mezani, nikamsikia anasoma Kiingereza kwa ile sauti yake ya ofisini. Akageuka, amekunjua uso. "Mama Faraja, waraka umekuja."

"Waraka wa nani?"

"Wa makao makuu ya kompyuta. Programu yetu imepitwa na wakati, inatakiwa ihuishwe mara moja."

Mimi na Kiingereza cha kompyuta wapi na wapi? Nikarudi kwenye ukosi wangu. Jioni kwenye ugali akatangaza, "Leo nimeihuisha mashine," kama mtu aliyechimba kisima. Wewe ulikuwa umechoka na safari, unasinzia juu ya sahani. Sidhani hata ulisikia.

Kuanzia hapo mashine ikawa siyo yetu. Ukurasa wa kwanza ukabadilika, ukaja mwingine usiojulikana wenye matangazo ya kamari. Juu ya kioo vikajipanga vitufe ambavyo hakuna aliyeviomba. Ulikuwa ukivifuta leo, kesho asubuhi viko palepale vinakusubiri. Ukawa unauliza, "Nani ameweka vitu hivi?" na baba yako anakujibu bila kuinua macho, "Si wewe unayekaa nayo?" Ukaomba fundi wa Iringa aitwe. "Fundi wa nini, mashine mpya?" akakujibu.

Halafu siku ile. Sipendi kuiandika lakini lazima niiandike, maana watakaosoma kwenye kioo wengi walikuwepo. Mzee Mtewele, mzee wetu wa kanisa, alikuwa amekaa kando yako mnapanga maneno ya kadi za harusi ya mwanawe. Benchi limejaa. Bwana Salehe wa malori alikuwa mlangoni akisubiri zamu yake. Mara dirisha likafunguka, mwanamke hana nguo. Ukalifunga, yakafunguka mengine. Ukafunga, yakaongezeka, na kila picha ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Nilisikia benchi zima limekata pumzi. Niliinuka na sare ya kwaya mkononi, sindano bado imo ndani, nikaitupa juu ya kile kioo.

Wewe ulikuwa umesimama, mikono kifuani. "Baba, mimi sijafungua kitu. Mimi sijafungua kitu."

Na baba yako akasema yale maneno yake mbele ya watu wote. "Kompyuta haina tamaa. Anayetamani ni mtu."

Nikasema, "Mtoto amesema hajafungua." Akanijibu, "Wewe jua cherehani yako."

Yaliyofuata unayajua zaidi yangu. Watoto wa shule ya Jumapili uliokuwa unawafundisha wakapewa mwalimu mwingine bila wewe kuitwa hata kuulizwa. Sokoni watu walinyamaza nikifika kwenye viazi, wakaendelea nikiondoka. Mwanakwaya mmoja, simtaji, atajisoma mwenyewe, alinirudishia ile sare ya zambarau akitaka ifuliwe kwanza ndipo aivae. Niliifua, Faraja. Niliifua nikilia kwa hasira, nikaipiga pasi, nikampelekea. Wewe ukachukua begi lako ukapanda basi la asubuhi la Njombe, na baba yako akabaki ndani anafuta vumbi kwenye kompyuta.

Nilikufuata huko siku moja, unakumbuka. Ulikuwa unapiga chapa kwenye duka la watu, umekonda kidogo, lakini vidole ni vilevile. Ukaninunulia mapeasi, ukaniuliza kama baba bado anakohoa wakati wa ukungu. Nikakwambia rudi nyumbani. Ukainama, ukasema taratibu, "Nitarudi siku baba atakapoyasema mbele ya walewale." Sikubishana nawe. Mapeasi nilifika nayo nyumbani, baba yako akayala bila kuuliza yametoka wapi, akayaosha moja moja, akala mpaka kikonyo. Alijua.

Sasa sikia ambayo hukuyaona. Ulipoondoka, zile picha hazikuondoka nawe. Kila siku nilikuwa namsikia akifunga madirisha chapuchapu na kukohoa kikohozi cha uongo, nami nikashona zangu. Mpaka siku Bwana Salehe alipoingia peke yake na karatasi za mzigo wake. Baba yako ndiyo kwanza anawasha laini, kioo kikajaa uchafu uleule. Akaruka kwenye kiti.

"Mimi sijafungua kitu!"

Mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio. Maneno yaleyale uliyoyasema wewe, mwanangu. Bwana Salehe aligeuza uso, akaitazama kalenda ya ukutani kwa heshima kubwa mpaka mashine ilipozimwa. Ndipo akasema, "Nakuamini, mzee wangu. Na binti yako nilimwamini vilevile." Hakuongeza neno. Kwenda Iringa na kurudi, akatuletea fundi ndani ya lori lake.

Yule fundi alikaa na mashine mpaka chai ikapoa. Akasema hizi ni programu ambazo hakuna anayezitaka, zinaingia kwa mgongo wa apdeti ya uongo. Tangazo linatoka kwenye ukurasa wa mtandao lakini limevalishwa lifanane na sauti ya kompyuta yenyewe, na ukilikubali umeziruhusu wewe mwenyewe. Zikishaingia, picha zinajifungua hata asipozitafuta mtu. Kisha akauliza, hana habari anauliza nini, "Nani alikubali kuihuisha?"

Nikasema, "Waraka." Baba yako alinitazama, nami nikamtazama, mpaka macho yake yakashuka sakafuni.

Jioni akanifuata jikoni, akasimama karibu na moshi. "Ukienda Njombe, mwambie yaishe." Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tangu anioe, na nilimwambia hivyohivyo. Nikamwambia, yaishe vipi? Mtoto umemchafua barazani, unataka kumsafishia jikoni? Akasema yeye ni baba. Nikamwambia hilo nalijua, nimekuzalia. Hatukusemeshana tena mpaka asubuhi, na tangu hapo amekuwa mtu wa magazeti ya juzi.

Faraja, hasira zako siziogopi. Hasira ni za nyumbani, mtu humkasirikia mtu wake. Ninachoogopa ni kwamba utazoea. Utazoea kutorudi, utapata chumba kizuri huko, utapata watu wa kukuuliza umekula nini, na siku moja utapita Makambako ndani ya basi usishuke hata kununua karanga. Nashona nikiliwaza hilo. Nimeharibu vitambaa vya watu kwa kuliwaza hilo.

*

Niliacha kuandika kidogo. Nikueleze kwa nini.

Mzee Mtewele ameingia kusoma barua pepe ya yule mwanawe, naye baba yako akainuka kuja kumuunganishia. Mimi nikasogea pembeni, barua hii nikaiacha hapahapa, imefichwa kwenye ule mstari wa chini ya kioo kama ulivyonionyesha. Hawajasoma hata nusu, dirisha likachomoza katikati ya kioo. Fremu ya kijivu, nembo juu. Niliuona mkono wa baba yako ukiondoka wenyewe, kidole kimeshatangulia.

Akakizuia kidole hewani. Akageuka, hakumtazama Mzee Mtewele, akanitazama mimi.

"Faraja alisema nifanyeje?"

"Alisema uchomoe waya."

Alipiga magoti, na yale magoti yake unayajua, akaingia chini ya meza, akauchomoa waya wa simu. Alipotoka, waya bado anao mkononi, akasema akiwa amepiga magoti hivyohivyo, "Mzee Mtewele, siku ile ni mimi niliyebonyeza. Mtoto hakufungua kitu."

Alisema kwa sauti ndogo sana, na mlango ulikuwa unapigapiga. Nikamwambia, "Rudia. Upepo umeichukua."

Akarudia.

Mzee Mtewele alikunja kofia yake, akaikunjua, akasema yeye alikuja kusoma barua tu. Kisha akaondoka bila kuisoma. Sijui atakwenda kusema nini kanisani, au kama atasema. Mmoja siyo benchi zima, najua, na wewe ulisema walewale. Bwana Salehe nitamweleza akipita na lori. Waliobaki watasimama hapa kwenye kioo wasome, akiwemo yule wa sare.

Baba yako ameisoma barua hii juu ya bega langu, amefika hapa, hajaniambia nifute hata neno. Ameuliza tu gundi iko wapi.

Baridi imeanza, mwanangu, na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Lile blanketi nimeivua kompyuta. Nimelitandika kitandani kwako.

Mimi mama yako,
wa cherehani ya mlangoni