Picha ya Amisi

Kasongo, Alhamisi

Na nilisema. Mara ngapi nilimwambia prezida wa shirika letu la kutunza picha za marehemu kwamba programu ya tovuti imezeeka, hata mwizi asiye na ujuzi anaweza kuingia? Jibu lake lilikuwa lilelile: "Usiiguse, utatupotezea picha za watu."

Leo Mama Zaina amefika kwa pikipiki kutoka Lusangi, kama kila siku ya soko, kumwona mtoto wake Amisi, aliyefukiwa na shimo la dhahabu kule Salamabila. Picha yake ya pekee iko, ilikuwa, kwenye tovuti yetu, ndani ya ile kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza yangu.

Nimefungua. Matangazo ya kamari, na msichana anayecheka. Wezi wameingia, wamefuta picha za marehemu wote. Nakala hatuna.

Mama amemtazama yule msichana kwa muda mrefu.

"Nani amemufukuza mutoto wangu mule ndani?"

Amejifunga kitenge chake, amesimama.

"Basi nitarudi siku ya soko. Labda watakuwa wamemuachia nafasi."

Nimemjibu ndiyo, mama.