Ubani Mlangoni kwa Mwanne

Mwanne,

Umesinzia juu ya daftari, sikutaka kukuamsha. Nimekwenda kupanga foleni ya sukari duka la ushirika. Uji nimeufunika, utie asali ya Ipole. ~~Saa nne uje unipokee foleni.~~ Hiyo nimeikata, wewe baki usome.

Ukisikia harufu ya ubani, usimcheke bibi yako. Alfajiri alikusikia ukisema Kiingereza peke yako chumbani, akadhani umepandwa na pepo wa kizungu. Akaja mlangoni kwako na chetezo kinafuka, amtoe. Nikachungulia ili nimwoneshe kwamba unasoma tu. Kumbe kitabu umekifunga, macho umeyafumba, na maneno yanatoka bila kukwama. Nikabaki nimesimama, mwili unanisisimka. Mimi niliyekuzaa, ambaye hata kuandika nimejifunzia darasa la watu wazima mwaka jana, sikujua ninaishi na mtu wa namna hii.

Nikamwambia bibi ni mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo cha ualimu, Jumatatu. Akazima makaa.

“Basi huyo pepo asitoke mpaka Jumatatu,” akasema.

Mama yako